Msiingoje Geji

Wanangu mnaoshika usukani wa Land Cruiser, Hilux na Prado hapa Mpanda, nisikilizeni kabla jua la Septemba halijakaza. Kila kiangazi kikielekea ukingoni, magari huingia gereji zetu yakivutwa kwa kamba, boneti wazi, dereva kanyong'onyea. Fundi akifungua anakuta silinda hedi imepinda na gasketi imeungua. Tajiri akiuliza kulikoni, anaonyeshwa kipande cha mpira kisichozidi urefu wa mkono, kimechanika ufa wa ukucha karibu na klipu. Paipu ya rejeta. Kitu ambacho kingebadilishwa asubuhi moja kwa fedha pungufu ya bei ya tairi.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu naona tumeanza kuyazoea. Mnasimuliana kwamba gari "limechemsha" kana kwamba ni jambo la kudra tu, halina wa kulizuia. Injini haichemshi yenyewe. Kuna mahali maji yalipotokea, na mara nyingi mahali hapo palikuwa pamekwisha kuonyesha dalili wiki kadhaa nyuma, ila hakuna aliyeinama kupatazama.

Mkoa wetu wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, safari ya Tabora kupitia Inyonga na Koga ilikuwa ya vumbi na makorongo. Dereva wa wakati ule hakuthubutu kutoka Mpanda bila dumu la maji, spana na bisibisi, kwa sababu alijua hakuna wa kumsaidia njiani. Leo tuna lami. Barabara ya Tabora, Koga hadi Mpanda, kilomita zaidi ya 340, ilizinduliwa mwaka 2022, na ni neema kubwa kwetu tuliokuwa tukihesabiwa mwisho wa nchi. Lakini lami imewaondolea vijana woga. Mnaliacha gari lile lile lenye paipu zile zile za zamani likimbie 120 mfululizo juani, na mapori kati ya Ipole na Inyonga hayakupungua hata kidogo. Ukikwama humo simu isiposhika, utamsubiri mpita njia.

Na hiyo ni njia nzuri. Wapo wanaoteremka Karema ziwani, wapo wanaokwenda Mishamo na kutokea Uvinza, wapo wanaopandisha Lyamba lya Mfipa wakiwa nyuma ya lori lenye shehena, gia namba mbili, injini inanguruma na upepo wa kupooza rejeta haupo. Masika, udongo mweusi wa mbuga unakushika magurudumu, unatia gia nzito, unakanyaga mafuta dakika ishirini ukiwa umesimama palepale. Hapo ndipo joto hupanda kuliko mwendo wowote wa lami. Kiangazi, ukipita kwenye nyasi ndefu, mbegu zake hujibana kwenye mapezi ya rejeta hadi upepo haupiti. Ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mbung'o wanakulazimisha ufunge vioo vyote na kuwasha kiyoyozi, na kiyoyozi nacho kinaiongezea injini mzigo na kumwaga joto lake mbele ya rejeta hiyo hiyo. Sijui mahali pengine nchini panapozitesa paipu kwa njia nyingi hivi ndani ya mkoa mmoja.

Sasa shikeni jambo ambalo naona wengi hawalijui, ingawa wana leseni na wameendesha miaka. Mpanda iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000, kwa hiyo maji ya sufuria hapa huchemka kwenye nyuzi kama 96, si 100. Ndani ya rejeta hali ni tofauti. Kile kifuniko kilichoandikwa 0.9 au 1.1 huyabana maji kwa mgandamizo, yakaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Ndiyo maana gari linapanda mlima likiwa la moto na bado liko salama. Paipu ikipasuka, mgandamizo unaondoka kwa mara moja, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke papo hapo. Hayavuji polepole mpaka upate muda wa kufikiri. Yanaruka, na ndani ya dakika chache injini inabaki kavu.

Na hapo geji inaweza kukudanganya. Kihisi cha joto kimewekwa kisome maji. Maji yakishakwisha, kinabaki kwenye hewa na mvuke, na sindano badala ya kupanda inaweza kusimama au hata kushuka. Dereva anaitazama, anajiambia gari limepoa, anaongeza mwendo. Tena magari mengi ya kisasa sindano zao zimetengenezwa zikae katikati kwa joto la aina nyingi ili zisimtishe mwenye gari. Zikianza kusogea, mambo yamekwisha kuharibika. Injini kama 1KZ-TE ya Prado na Hilux Surf, yenye silinda hedi ya alumini, haitakusamehe hata safari fupi katika hali hiyo. Itapasuka hedi. Kwa hiyo ukisikia harufu tamu ya kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, ndani ya gari, ukiona ukungu kwenye kioo bila mvua, au ukafungulia hita na ikatoa upepo baridi wakati injini ni ya moto, simama. Usibishane na sindano. Zima injini kwanza, mengine yatafuata.

Ningependa kila kijana anayejifunza udereva apewe kwanza paipu kuukuu na kisu. Chukua paipu ya juu ya rejeta iliyotolewa kwenye gari lililotumika sana, ifute vumbi. Kwa nje utaiona nyeusi, imekaza, pengine bado inang'aa, na ukiulizwa utasema nzima. Sasa ipasue kwa urefu, uigeuze ndani nje, uitazame kwenye mwanga umbali wa vidole viwili au vitatu kutoka nchani, pale klipu inapobana. Utaona michirizi myembamba imekwenda kwa urefu wa mpira. Ukiukunja mpira, michirizi inafumbuka, na chini yake zinaonekana zile nyuzi za kitambaa kilichowekwa katikati kuupa nguvu. Nyuzi zikishalowa, zinaanza kuoza, na mpira wa nje uliobaki ni ngozi tupu inayongoja mlima.

Ubovu huu hauanzii kwenye jua wala kwenye vumbi. Unaanzia ndani. Mpira wa paipu una masizi ya kaboni ambayo hupitisha umeme, na shingo za rejeta na injini ni za metali. Maji yakiwa katikati, unazaliwa umeme mdogo unaoutafuna mpira taratibu, hasa karibu na ncha. Ndiyo maana kampuni kama Gates ya Marekani, ambayo kazi yake ni mikanda na paipu, hushauri paipu zibadilishwe kila baada ya miaka 4 hivi hata kama kwa macho hazina kasoro. Umri ndio wa kuhesabu. Kilomita peke yake hazitoshi, wala mng'ao wa nje. Gari linalokuja kutoka Japani likiwa na zaidi ya miaka kumi, likashushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa moja kwa moja hadi huku, mara nyingi linakuja na paipu ambazo hakuna anayejua zilifungwa lini. Wa kwanza kulipokea azibadilishe zote kabla ya kufikiria rimu na redio.

Ukaguzi wenyewe ni kazi ya mikono mitupu, asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Futa paipu kwa kitambaa kwanza, maana vumbi letu jekundu huficha kila kitu. Kisha zibonyeze kwa kidole gumba na cha shahada, karibu na ncha halafu katikati, uone kama mguso ni mmoja. Mpira mzima hurudi. Ukisikia kama mfereji ndani karibu na klipu, au umelainika kupita kiasi, au umekuwa mgumu unaolia ukiubonyeza, usingoje. Mpira uliovimba na kuteleza umenyweshwa mafuta. Tafuta mafuta yanakovuja kabla ya kufunga mpya, la sivyo na mpya utakwenda njia hiyo hiyo. Ukoko mweupe au wa kijani kandokando ya klipu ni kulanti iliyovuja na kukaukia hapo. Angalia pia pale paipu inapogusana na kingo ya feni au bano la chuma, kwa sababu kwenye barabara zetu za rasta gari linatetemeka kutwa nzima na chuma kinakula mpira bila sauti.

Paipu ya chini msiipite kwa haraka. Pampu inavuta maji kutoka kwake, na nyingine huwekwa springi ndani ili zisifumbe zinapovutwa. Springi ikishaoza, paipu inabana wakati injini iko kwenye mwendo mkubwa, gari linachemsha barabarani na likifika gereji linaonekana halina tatizo. Mafundi wamebadilisha themostati, wakabadilisha pampu, wakasafisha rejeta, na paipu ya chini haikuguswa. Na ukikuta asubuhi paipu ya juu imejibana yenyewe, imelala bapa, usiilaumu; kifuniko cha rejeta kimeshindwa kuruhusu maji yarudi kutoka kwenye chupa ya akiba. Badilisha kifuniko.

Kisha zipo zile zilizojificha, na hizi ndizo zinazoniumiza zaidi kwa sababu mtu hubadilisha ya juu na ya chini akajiona amemaliza. Ipo ile fupi inayounganisha kwenye pampu ya maji, zipo za hita zinazoingia ukutani nyuma ya injini, na kwenye gari lenye hita ya nyuma zipo zinazopita chini ya sakafu zikipigwa mawe. Hapa kwetu hita hatuiwashi, basi tunasahau kwamba maji yanapita humo. Paipu ya hita ikipasuka inaimaliza injini sawasawa na ile kubwa.

Mkienda dukani, msinunue kwa kuangalia rangi. Tazameni ncha iliyokatwa: lazima ionekane tabaka la nyuzi katikati ya mpira wa ndani na wa nje. Mpira mtupu usio na nyuzi ni wa kumwagilia bustani, hata kama umechapwa jina kubwa. Paipu iwe na namba ya spea na mkunjo wake wa kiwandani, iwekwe kando ya ile ya zamani na kulinganishwa kona kwa kona. Kuna watu wanauza paipu iliyonyooka wakikuambia itajikunja yenyewe. Itajikunja, ndiyo, na pale inapojikunja njia ya maji itafumba. Kama duka la Mpanda halina, agiza Mbeya au Dar es Salaam, gari lisubiri siku mbili.

Kubadilisha hakuhitaji fundi bingwa, kunahitaji subira. Fungua kizibo cha chini ya rejeta ukinge kwa beseni. Usiache kulanti imwagike uwanjani, ni tamu na ni sumu, mbwa na mbuzi hunywa, na watoto huchezea. Paipu iliyong'ang'ania usiipigie bisibisi wala kuinyonga, utavunja shingo ya rejeta, na rejeta nyingi sasa zina vichwa vya plastiki. Ichane kwa kisu kwa urefu, kwa uangalifu usikwaruze shingo, itatoka yenyewe. Sugua shingo kwa msasa mwembamba mpaka kutu na ukoko viishe, kwani mpira mpya haukai juu ya ukoko. Ingiza paipu mpya ukiwa umeilowesha kwa maji safi au kulanti. Grisi na oili ziwekeni mbali kabisa. Klipu ikae ndani ya ule ukingo wa shingo, si juu yake, na kichwa cha skrubu kielekee mahali bisibisi itafika siku ukiwa njiani. Kaza mpaka ishike. Ukizidisha, klipu inakata mpira uliotoka kuununua.

Kujaza ndiko vijana wengi hukosea. Mnamimina hadi juu, mnafunga, mnaondoka, na hewa imebaki ndani ya injini. Elekezeni gari kwenye kimwinuko, pua juu, fungueni hita hadi mwisho wa joto, mjaze polepole. Washeni, acheni injini iungurume taratibu, minyeni paipu ya juu mara kwa mara mkiona mapovu yanatoka, ongezeni. Ikishapata moto, fungeni kifuniko, na kesho yake asubuhi ikiwa baridi mtazame tena kiwango na kukaza klipu, kwa sababu mpira mpya hukaa sawa baada ya kupata joto la kwanza. Tumieni kulanti. Maji ya kisima peke yake yana chumvi na yanaleta kutu, na kutu ndiyo inayoziba rejeta mnayohangaika kuisafisha kila mwaka.

Ikitokea paipu imepasuka safarini, kuna jambo moja ambalo nawaomba mlishike kuliko yote niliyoyasema: msifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Si kwa kitambaa, si kwa kugeuza uso pembeni. Mvuke ule hutoka kwa kishindo na huchukua macho. Subirini mpaka mkono uweze kukaa juu ya rejeta bila kuuondoa, hata kama ni saa nzima na abiria wananung'unika. Wala msimimine maji baridi ndani ya injini inayowaka. Chuma kilichopanuka kwa moto hupasuka kikipata baridi ya ghafla.

Kama ufa uko karibu na ncha, na paipu ina urefu wa ziada, kata kipande kibovu urudishe. Kama uko katikati, kausha mpira, kisha uzungushie utepe wa silikoni unaojishika wenyewe, ukivuta kwa nguvu. Pasipo utepe, tepe za tyubu kuukuu zilizokazwa sana zitasaidia, mradi kifuniko cha rejeta kilegezwe hatua ya kwanza ili mgandamizo usijijenge. Endesha polepole, simama mara kwa mara, ongeza maji. Hayo ni ya kukufikisha kijiji kinachofuata tu. Nimeona gari likifungwa tyubu Jumatatu na Ijumaa likapakia abiria kwenda Sumbawanga na tyubu ile ile, na nilimwambia dereva wake mbele ya abiria wake kwamba hana haki hiyo.

Ndani ya hifadhi sheria inabadilika. Barabara inayotoka Sitalike inapita katikati ya wanyama. Mto Katuma uko karibu, na mtu mwenye kiu ya maji ya rejeta huuona kuwa msaada. Miezi ile ya ukame maji yanapobaki madimbwi, viboko hujazana humo kwa mamia, na mamba wamejibanza kwenye kingo. Usiteremke na ndoo. Maji yako yawe ndani ya gari tangu Mpanda, dumu la lita 20 lisiloguswa kwa kunawa wala kunywa, pamoja na paipu ya juu na ya chini za akiba, klipu mbili tatu, kisu na bisibisi. Kaa ndani, piga simu kwa askari wa hifadhi kama mtandao upo, au ngoja gari lingine.

Najua mtaniambia magari si yenu. Tajiri ndiye mwenye fedha, naye akiambiwa paipu inabadilishwa ilhali haijapasuka, anaona anaibiwa. Nendeni kwake na paipu mkononi. Mpasulieni kwa kisu mbele yake, mwonesheni michirizi. Akikataa hata hivyo, una wajibu wa kukataa safari ndefu, hasa kama gari lenyewe ni la kubeba wagonjwa kutoka vijiji vya ziwani kuja hospitali mjini. Mama mwenye uchungu wa kujifungua hakai njiani akingoja injini ipoe. Kazi utapata nyingine, na mafundi na madereva wazee wa hapa mjini tutakusemea.

Kisha wekeni daftari la gari, liandikwe tarehe, kilichokaguliwa na nani alikikagua. Na paipu mpya ikishafungwa, ifuteni ikauke, mwandike mwezi na mwaka juu ya mpira wenyewe kwa rangi nyeupe, mahali panapoonekana boneti ikifunguliwa, ili dereva atakayekabidhiwa gari hilo baada yenu asibahatishe umri wake.